Misumari ya Mti

Kila Julai, karibu na sikukuu ya taifa la Ufaransa, mji mdogo wa Aubigny-sur-Nère hujaa zumari za mifuko, sketi za Kiskoti na mavazi ya kale. Ni sherehe ya urafiki wa zamani. Mwaka 1295 Uskoti na Ufaransa ziliungana dhidi ya Uingereza, na mwaka 1423 Mfalme Charles wa 7 wa Ufaransa akamtunuku Mskoti John Stewart wa Darnley mji huu, shukrani kwa vita alivyompigania.

Zumari zikipita, shingo zote huzifuata. Mpenda ufundi ageukie kwenye kuta.

Mwaka 1512 moto uliuteketeza mji. Robert Stuart, aliyekuwa bwana wake, akatoa mialoni ya msitu wa Ivoy watu wajenge upya. Nyumba nyingi za wakati ule zingali zimesimama. Ujazo wa kuta hauna ugeni kwetu: fito, udongo na majani makavu, kama nyumba ya kukandika. Kilichozivusha karne tano ni kiunzi.

Seremala wa zama zile hakungoja mti ukauke, kwani mwaloni mbichi huchongeka vizuri zaidi. Aliulaza ukuta mzima chini, boriti juu ya boriti, akapima viungo kwa timazi, maana hakuna miti miwili iliyopinda sawa. Kila ulimi wa boriti ulichongwa kwa ajili ya tundu lake peke yake, ukatiwa alama, asije akakosea siku ya kusimamisha.

Uhodari wenyewe uko kwenye msumari, nao ni wa mti. Kitobo cha msumari kwenye ulimi hakikulingana na cha nguzo. Kilisogezwa kidogo, makusudi. Msumari mkavu ulipogongwa ulijipinda kupita, ukauvuta ulimi ndani mpaka pasipenye hata ukucha. Kisha mwaloni ukakauka taratibu, ukasinyaa, ukaubana msumari.

Kwenye baadhi ya kuta mihimili imepishana mshazari. Mafundi huuita mpishano huo msalaba wa Mtakatifu Andrea, na ndio ulio kwenye bendera ya Uskoti. Lakini si wa Waskoti pekee: umeenea sehemu nyingi za Ufaransa. Kazi yake ni kuzuia ukuta usilale upande.

Mafundi wa kazi hii wana desturi ya kuacha kichwa cha msumari kitokeze kidogo, ili mti ukisinyaa aje mwingine na nyundo akigonge tena. Mkataba wa wafalme uliishia mwaka 1560. Watu wa Aubigny wanaugonga kila Julai.