Taji juu ya chipu, girisi kavu chini ya lazeri

Wandugu, leo nataka tubishane kidogo. Ukimuuliza mutu anayependa muziki ni nini inafanya mashine moja ya CD iitwe ya kifahari na ingine ya kawaida, atakujibu haraka: ni sauti. Halafu ataanza kukutajia kile kichipu cha kugeuza namba kuwa sauti. Kama amesoma kidogo, atataja TDA1541A ya Philips, ya miaka ya 1980. Kama amesoma sana, atakwambia utafute ile yenye taji. Na haiko uongo: Philips ilichagua zile zilizopimwa zikaonekana bora, ikazipiga chapa ya taji moja, njo zinaitwa S1. Zilizochaguliwa kwa ukali zaidi zikapewa taji mbili, S2. Hadi leo watu wanalipa pesa mingi juu ya ile taji, na wajanja wanapiga taji zao wenyewe juu ya chipu za kawaida wanaziuza.

Mimi nasema sifa hii imewekwa pahali pabaya. Sisemi sauti ni kitu cha bure. Nasema mashine ya CD ikizeeka, mara nyingi chipu ya taji iko muzima kabisa, inakaa pale kama mufalme ndani ya nyumba yenye paa imeanguka. Kinachougua ni nusu ingine ya mashine, ile ya kuzungusha na kuona, na juu ya ile nusu wasifiaji walikuwa wanaandika mustari mumoja tu: inasoma vizuri.

Hii nilijifunza kwa haya, acha niwaambie.

Baba mudogo aliniletea mashine yake aliyoitoa Bruxelles zamani. Mariki sitaitaja. Mbele iko na bamba la aluminiamu nene kama kidole, ndani transifoma mbili, moja ya sehemu ya namba na moja ya sehemu ya sauti, na uzito wa kubeba na mikono miwili. Akasema: "Wewe si ulisoma elektroniki? Njo hii sasa." Ugonjwa wake: inaanza disiki vizuri, inasoma idadi ya nyimbo bila shida, halafu ikifika karibu dakika ya 40 inaanza kugugumia. Franco na TPOK Jazz wanaingia mu sebene, gitaa zinapanda, na pale pale inarudilia kipande kimoja, mara tatu, mara ine, kisha kimya. Ukijua nyimbo za Franco zilivyo ndefu, utaelewa hasira ya muzee.

Mimi na lisansi yangu nilifanya nini? Nilifungua kifuniko. Nikatamani kwanza ile chipu (ndio, nilitafuta taji, hakukuwa). Nikaona kaskrubu kadogo pembeni ya lazeri. Nilikuwa nimesikia mara nyingi kwamba lazeri ikizeeka unaiongezea nguvu pale. Nikashika turnevisi, nikazungusha kidogo kuume. Nikarudisha disiki: ikafika dakika ya 40, ikapita, ikaenda hadi mwisho! Nikamwita baba mudogo, nikamwambia imepona. Alifurahi sana, akanipa hata pesa ya usafiri. Siku tatu nyuma ikaanza tena kugugumia, dakika ile ile.

Sasa nikaamua: lazeri imekufa, inunuliwe mupya. Bei niliyopewa ilikuwa karibu sawa na minervali iliyobaki ya dada yangu mudogo, na baba mudogo njo anailipa. Alisema sawa, tutaona kwanza ya mashine, masomo yatangoja mwezi moja. Hapo nikaogopa. Mbele ya kutoa pesa nikapeleka mashine kwa fundi moja wa redio ku soko ya Kadutu, mutu ambaye hajakanyaga auditoire hata siku moja.

Hakugusa kitu. Aliniuliza: inakatikia wapi? Nikasema dakika ya 40. Disiki zote ao moja? Zote zenye kufika pale. Zile fupi zinaisha bila shida. Ikiwa baridi ao ikisha kupata moto? Sikujua. Akanitazama vile muzee anatazama mutoto aliyetumwa chumvi akaleta sukari.

Hebu tufuate ile maulizo yake, juu ndani yake muko fizikia yote niliyofundishwa na sikuitumia. Disiki ya CD haisomwi kama santuri ya zamani. Inaanza ndani, karibu na tundu, inaenda inje. Ndani kabisa inazunguka karibu mara 500 kwa dakika, na inje inapunguza hadi karibu 200, ili njia ipite chini ya mwangaza kwa mwendo ule ule. Kwa hiyo kama moteri ya kuzungusha imechoka, itateseka kwanza mwanzoni, pale mbio ni nyingi. Na ni mwanzoni ndani kabisa pia ndipo kuna orodha ya nyimbo. Lazeri iliyochoka kweli inahangaika pale pale: inatafuta, inatafuta, mwisho inaandika hakuna disiki. Tena itazikataa mbele zile disiki za kuchoma nyumbani, juu zenyewe zinarudisha mwangaza kidogo kuliko za kiwandani. Ya baba mudogo ilikuwa inasoma orodha upesi, na disiki za kuchoma ilizikubali. Lazeri ilikuwa inajitetea wazi wazi, mimi njo nilikuwa kiziwi.

Inabaki nini, kama kila disiki inakwamia pahali pamoja? Inabaki barabara. Lazeri inapanda juu ya kigari kidogo kinachotembea ku reli, kinasukumwa na meno ya plastiki. Girisi ya reli ilikuwa imekauka ikawa kama gundi, na mule katikati ya meno fundi alitoa na pinseti uzi mwembamba wa vumbi iliyoshikana. Mistari ya CD inaachana mikrometa 1.6, unywele wa mutu moja unaweza kufunika mistari kama 40. Kigari kikikwama nukta moja tu, lenzi inajivuta hadi mwisho wa nguvu zake, halafu inaachilia, inarudi nyuma. Njo ile kugugumia.

Na ule uponyaji wangu wa siku tatu? Kumbe haikuwa skrubu. Wakati nilipofungua, nilisukuma kigari na kidole ili nione vizuri. Girisi ikalegea kidogo. Kidole changu njo kilifanya kazi, na skrubu ikapewa sifa.

Ile skrubu, wandugu, ni hatari kuliko vile watu wanaisema. Ukiongeza mukondo, lazeri inaangaza zaidi leo na inafupisha maisha yake. Aina fulani za lazeri ziko na karatasi ndogo imebandikwa nyuma, yenye namba ya mukondo ambao kiwanda kilipima. Kwa ya baba mudogo iliandikwa miliamperi 47.2. Fundi alipima volti 1.34 juu ya rezista ya omu 22. Gawanya mwenyewe: karibu miliamperi 61. Aliniuliza niliweka alama wapi mbele ya kuzungusha. Sikuweka. Tulirudisha pole pole hadi karibu 47, kwa kupima. Yeye alikuwa na multimetri ya mukono wa pili imefungwa na sparadra. Mimi ile siku sikuwa na kitu, na mutihani wa sheria ya Ohm nilipita na distinksio. (Na usijaribu kuchungulia ndani ya lenzi kama inawaka. Ni mwangaza wa nanometa 780, jicho linauona kama wekundu hafifu ao halioni kabisa, lakini unaweza kuliumiza.)

Sasa turudi ku hukumu yangu juu ya mashine hizi, maana siko hapa kwa kulia tu.

Historia yao inaonyesha kwamba watengenezaji walijua. Mutambo wa Philips ulioitwa CDM-1 ulikuwa na lenzi ya kioo na mukono wa kuyumba uliokaa ndani ya chuma cha kumiminwa. Hauna reli, hauna meno ya kukwama. Miaka ikapita, wakaja na familia ya CDM12: kigari, reli, plastiki mingi, bei ndogo. Na ile familia ilikutwa ndani ya redio za jikoni na pia ndani ya mashine za bei ya kutisha. Ulikuwa unalipa bamba la aluminiamu na transifoma, na moyo ni ule ule wa redio ya jirani. Hapo mimi kama mukosoaji ninakataa neno kifahari.

Lakini nisipendelee vya zamani kama kipofu. CD104 ya Philips, ya 1984, iko na mutambo mugumu na bado ilikuwa na ugonjwa wa kujulikana: virivet vidogo vinavyounganisha pande mbili za kibao cha sirkwi vinalegea, mashine inazima na kuwaka vile inataka. Dawa yake ni kipande cha waya na risasi ya kuchomelea, tundu moja baada ya lingine. Ni kazi ya jioni moja na subira. Ugonjwa wa namna hii mimi nauheshimu kuliko mutambo uliofungwa, ambao kipuri chake kikikosekana bamba lote linakuwa kitu cha kuzuilia mulango.

Ya baba mudogo inakaa katikati. Kwa upande wa sifa: skrubu zote zinafikiwa na turnevisi moja, vibao viliandikwa majina ya kila kipande, rezista ile ya kupimia iko wazi. Mutu aliyechora alimufikiria fundi. Kwa upande wa lawama: mukaba wa mupira unaofungua mulango wa disiki ni mwembamba kama wa kufungia pesa, na ili uufikie unatoa kila kitu. Fundi aliuchemsha ndani ya kikombe cha maji ya moto, ukajikaza. Alisema itashika wiki kadhaa, isipite pale. Kondansateri mbili karibu na transifoma zilikuwa zimevimba kwa joto. Alibadilisha kwa pesa kidogo.

Wale walioandika sifa za mashine hizi walizisikiliza zikiwa mupya, ndani ya sanduku safi, ku umeme usioyumba. Sisi zinatufikia zikiwa na miaka 20 ao 30, na vumbi, na umeme wa mwetu. Mapitio ya mutu anayezipokea hivi hayajaandikwa sana, na njo yale tunahitaji: mukaba wake ni wa ukubwa gani, reli inafikiwa namna gani, lazeri yake ni ya familia gani, nani bado anaiuza.

Kazi yote ilikula pamba, alikoli, girisi nyeupe kidogo, kondansateri mbili na malipo ya fundi, ambayo aliikatalia kuongeza hata nilipomusihi. Minervali ililipwa. Disiki inafika mwisho, sebene yote. Lakini zile siku tatu za miliamperi 61 zimekula sehemu ya lazeri ambayo hakuna mutu atairudisha, na baba mudogo bado anasimulia majirani vile mutoto wake aliponya mashine na skrubu moja. Jumapili ninaenda kwake na mukaba mupya. Nitamwambia.