Sikiliza Gitaa Likinyamaza

Ukienda kutazama amplifaya ya valvu iliyotumika, mwenye mali huwa na haraka ya kukupigia solo. Mwache apige, amalize. Kisha mwombe achomoe gitaa, apandishe sauti hadi nusu, na nyote mnyamaze. Gitaa likilia hufunika mengi, na muuzaji mjanja analijua hilo.

Mchakacho mwepesi, mfano wa mvua ya mbali juu ya mabati, si kasoro. Kinachonishtua mimi ni mvumo wenye noti. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50. Ukishanyooshwa ndani ya amplifaya, hubaki na mtetemo wa hezi 100, ambao kapasita za kuchuja hutakiwa kuutuliza. Kuutofautisha na ule wa hezi 50 hakuhitaji kipimo. Chukua gitaa lililotyuniwa, bila kulichomeka, ubonyeze freti ya tatu ya uzi mnene kabisa. Hiyo ni G, hezi 98. Mvumo ukikaribiana nayo, zishuku kapasita, au zishuku valvu za nguvu: hizo aghalabu hufanya kazi kwa jozi, moja ikisukuma na mwenzake akivuta, na zikilingana hufuta mtetemo huo zenyewe. Jozi isiyolingana huuacha upite. Mvumo ukiwa oktava moja chini, tafuta kwenye nyaya za hita, au valvu ambayo hita yake inavujisha umeme kwenye kathodi.

Baada ya sikio, penseli ya mbao. Gonga polepole valvu ndogo, zile ECC83 ambazo Wamarekani huziita 12AX7. Kusikia "tik" kwenye spika ni kawaida. Ikilia kama kengele na mlio ukaendelea baada ya wewe kuacha kugonga, valvu hiyo imelegea viungo vyake vya ndani. Iliyo karibu na tundu la gitaa ndiyo inayoonekana mbaya kuliko zote, kwa kuwa kila inachokisema hukuzwa na zote zinazoifuata. Usiitupe. Ibadilishane na ECC83 ya mwisho, iliyo jirani na valvu za nguvu. Huko kelele zake mara nyingi hazisikiki, nayo itakutumikia miaka.

Macho nayo yana kazi yake. Ndani ya kioo cha valvu, aghalabu juu, kuna doa la fedha linalong'aa kama mgongo wa kioo cha kujitazamia. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na hakuna dawa. Mwanga wa buluu unaocheza kwenye ukuta wa kioo cha valvu ya nguvu kama EL34 hauna ubaya. Wengi huuogopa bure. Lakini bati la anodi likianza kuwa jekundu, zima papo hapo, usingoje wimbo uishe.

Hapo kwenye bati jekundu ndipo utakapomjua fundi. Nina Vox AC30, aina ile ile waliyotembea nayo The Beatles. Ina valvu nne za nguvu, EL84, na tangu kiwandani huendeshwa zikiwa moto sana. Moja ilipoanza kuwaka, fundi mmoja alinibadilishia zote nne. Zikafa. Akabadilisha tena, nami nikalipa tena. Kumbe kapasita moja ndogo kabla ya valvu hizo ilikuwa inavujisha, inazipelekea umeme usiotakiwa, nazo zinajichoma. Tangu hapo nikimpelekea fundi amplifaya, namwuliza jambo moja tu: valvu hii imeuawa na nini? Akijibu "imezeeka" kabla hajashika mita, nabeba mzigo wangu.

Kuhusu majina yaliyochapwa kwenye kioo, punguza imani. Mullard ya zamani ya Blackburn, Uingereza, ina maandishi madogo ya kijivu yaliyochongwa karibu na pini, yenye herufi B ya kiwanda hicho. Mullard inayouzwa mpya leo hutengenezwa Saratov, Urusi. Si mbaya hata kidogo, ila usiilipie bei ya babu yake.

ECC83 unaweza kuichomeka mwenyewe ikishapoa. EL34 mpya kwenye amplifaya nyingi hutaka fundi apime na kurekebisha mkondo wake wa kupumzikia, na ndani ya sanduku la sakiti mna volti zaidi ya 300 zinazoweza kubaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa plagi. Kwa hiyo sanduku hilo usilifungue. Na kamwe usiwashe amplifaya bila spika: transfoma ya kutokea ikiungua, bei yake itakufanya uzikumbuke valvu kwa upendo.

Kwa walio pwani, chumvi ya bahari huzifanya pini kuwa nyeusi. Ukisikia mkwaruzo unaokuja na kutoweka, chomoa valvu na kuirudisha mara tatu nne, amplifaya ikiwa imezimwa, kabla hujanunua chochote. Amplifaya iliyotoka Marekani itazame nyuma kwanza: ikiandikwa volti 120 na haina swichi ya kubadili, itahitaji transfoma ya kushusha. Na usiku, dansi likiisha, amplifaya iwe ya mwisho kupakiwa kwenye gari, ili ipoe. Zungusha nyaya, kunja stendi, lipaneni. Ukigusa kioo na kidole kikavumilia, ibebe.