Viatu, Kiti na Taji: Uongozi wa Papa Kiril katika Filamu ya The Shoes of the Fisherman

Ikisiri

Makala haya yanahakiki taswira ya uongozi wa Papa wa kubuni, Kiril Lakota, katika filamu ya The Shoes of the Fisherman (1968). Yanadai kwamba filamu hiyo imebeba mitazamo miwili ya uongozi inayokinzana: wa viatu, unaompeleka kiongozi kwa mwenye shida, na wa taji, unaomwonyesha akitoa mbele ya umati. Filamu inahitimishwa kwa mtazamo wa pili, ilhali hoja yake yenye nguvu imo katika wa kwanza.

1.0 Utangulizi

Riwaya ya Morris West, mwandishi wa Australia, ilichapishwa mwaka 1963. Miaka mitano baadaye Michael Anderson aliiongoza kuwa filamu, naye Anthony Quinn akaigiza kama Kiril: askofu mkuu wa Lviv anayefunguliwa kutoka kambi ya kazi ngumu Siberia, anayepelekwa Roma, na kuchaguliwa kuwa Papa bila kutarajia. Karol Wojtyła wa Poland alipochaguliwa mwaka 1978, wengi waliisifu kazi hii kuwa ni utabiri.

Sifa hiyo imeifunika kazi yenyewe. Mtunzi hapimwi kwa kubahatisha asili ya Papa ajaye. Isitoshe, malighafi ya kisa ilikuwapo katika historia: Josyf Slipyj, askofu mkuu wa Lviv, alikamatwa na Wasovieti mwaka 1945 akaachiliwa mwaka 1963. Swali la kihakiki ni jingine: filamu hii inatufundisha kumtambua kiongozi mwema kwa alama gani?

2.0 Lugha ya kiti na lugha ya viatu

Kiswahili hutaja mamlaka kwa kitu cha kukaliwa. Mtawala hukalia kiti cha enzi, na mamlaka ya Papa huitwa Kiti Kitakatifu. Hata hivyo, Wakatoliki wanaotumia Kiswahili humwita Papa pia Khalifa wa Mtakatifu Petro. Khalifa, neno lenye asili ya Kiarabu, ni yule ajaye nyuma ya mwingine na kushika nafasi yake. Kiti humtuliza mtu mahali pamoja. Afuataye hana budi kutembea. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili ana ufunguo mzuri wa jina la filamu hii, ambalo tunaweza kulifasiri kuwa Viatu vya Mvuvi. Mvuvi ni Petro, na viatu vyake havikutengenezwa kwa ajili ya kukaa.

3.0 Usiku wa Roma

Tukio linalotimiza ahadi ya jina hilo ni lile la Kiril kutoka Vatikani kwa siri akiwa amevaa kama padri wa kawaida. Mjini anakutana na Ruth Faber, daktari, ambaye hamtambui na anamtuma kuleta dawa ya mgonjwa mahututi. Mkuu wa Kanisa zima anatumwa, naye anatii. Anapofika kitandani anaanza sala za Kikatoliki, kisha anaelezwa kwamba mgonjwa ni Myahudi. Anaziacha na kusali kwa Kiebrania.

Katika tukio hili cheo hakina kazi. Kiril anafaa kwa sababu mbili tu: yupo, na anakubali kurekebishwa. Haja ya mgonjwa ndiyo inayoamua maneno ya sala. Huu ni uongozi unaojifunza kwa anayehudumiwa, nao haushangiliwi na mtu yeyote.

4.0 Taji mbele ya umati

Mwisho wa filamu una mantiki nyingine. China inakabiliwa na njaa na dunia inakaribia vita. Baada ya kukutana na Kamenev, kiongozi wa Wasovieti aliyewahi kumhoji gerezani, na Peng, kiongozi wa China, Kiril anavua taji siku ya kutawazwa kwake na kuahidi mali ya Kanisa kwa ajili ya wenye njaa.

Tendo hilo linasisimua, lakini tulitazame kwa makini. Kwanza, Kiril anajivua fahari ya mamlaka kwa kuyatumia mamlaka yenyewe hadi ukomo wake: tamko la mtu mmoja linafunga mali ya jumuiya nzima. Pili, wenye njaa hawana jina wala sauti. Mgonjwa wa Roma alibadilisha sala ya Papa. Mamilioni ya Wachina hawapewi nafasi ya kubadilisha hata neno moja la hotuba yake. Tatu, filamu inaisha panapoanza kazi: nani atauza, nani atagawa, nani atawajibika?

5.0 Pingamizi

Huenda ikasemwa kwamba ishara nayo ni tendo. Hoja hii ina uzito. Mnamo Novemba 1964 Papa Paulo VI aliweka taji lake juu ya altare kwa ajili ya maskini, na tangu mwaka 1978, Yohane Paulo I alipoanza utume wake bila kuvishwa taji, hakuna Papa aliyevishwa. Hapo ishara ilizaa desturi, nayo desturi huwafunga hata warithi. Ishara ya Kiril haijaribiwi na muda; inapokea shangwe, na pazia linashuka.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu una maana kwa wasomaji wa ukanda wetu, ambako msaada hutolewa mara nyingi mbele ya kamera na mpokeaji husimama kando akisubiri kupiga makofi. Filamu inayotuzoesha kulia machozi ya furaha mtoaji anapovua taji inaweza pia kutuzoesha kutomuuliza maswali. Lakini filamu hiyohiyo imetupa kipimo cha kuihukumu: padri asiyejulikana, dawa mkononi, akibadilisha sala yake kwa sababu ameambiwa yuko mbele ya nani. Tunapofundisha kazi hii, tuanze na usiku ule, kisha tuutumie kuusaili mchana wa taji.