Mtoto Kaachiwa Nani? Talaka katika Fasihi ya Pwani

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachotosha kusimulia kisa kizima cha talaka. Mume huacha, mke huachwa, na wakitaka kuisitiri habari yao husema wameachana. Ipo na kauli ya nne, ambayo aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini: mtoto kaachiwa nani? Watunzi wetu wamezishughulikia kauli tatu za mwanzo. Hii ya nne wameiachia majirani.

Tuanze na wasia. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wake mashuhuri, mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, na mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alikwisha fariki mwaka 1856. Ndiyo maana kila ubeti una uzito wa mama ajuaye kwamba hatakuwapo. Lakini ndoa anayomchorea bintiye ni safari ya kufika nayo Kiyama. Mwanamke aliyetimiza yote kisha akaandikiwa talaka hana pa kukaa katika utenzi ule. Shaaban Robert naye, alipomtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili, aliifuata njia hiyo hiyo: mzazi anena, mtoto asikilize.

Taarab ndiyo iliyoitoa talaka ndani ikaileta hadharani. Tena mwimbaji wake mkuu aliijua kwa kuionja. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliolewa, akazaa, akaachwa, akauza vyungu, kisha mwaka 1911 akahamia mjini Unguja, na tangu 1928 sauti yake ikatiwa katika santuri kule Bombay. Kila mpenzi wa taarab anamjua mama huyo. Ni wangapi wanaomjua mtoto wake? Baadaye nyimbo za rusha roho ziliifanya ndoa kuwa mashindano: nani kamnyang'anya nani, nani kabaki na nani. Zinachangamsha ukumbi, hatukatai. Lakini katika mashindano hayo mtoto si mchezaji wala si mtazamaji.

Si kwamba hatukuwa na mfano. Sura ya 65 ya Kurani, iitwayo Talaka, ina aya 12 tu, na hata hivyo haikumsahau mtoto: yamtaja mwenye mimba, yataja kunyonyesha na ujira wa mwenye kunyonyesha. Tulilichukua neno talaka, tukayaacha maziwa.

Aliyeligusa pengo hili kwa ujasiri ni Said Ahmed Mohamed katika riwaya yake Utengano (1980). Wasomaji wengi wameifasiri kuwa ni riwaya ya kutawishwa kwa wanawake na unafiki wa mwenye mali. Ni kweli, lakini jina lake latutaka tutazame zaidi. Maksuudi anampiga Bi Tamima na kumtaliki, na kwa tendo hilo Maimuna anapoteza mama, baba na mlango wa kurudia kwa mpigo mmoja. Danguro linalompokea baadaye linajaza nafasi iliyoachwa wazi na nyumba. Hata kaka yake, Mussa, anaishia kukutana na baba yao mahali pasipostahili, kwa Kazija.

Hata hivyo, tuna lawama. Anguko la Maimuna linatumika mno kumwadhibu Maksuudi. Twauona msiba wake kama hukumu ya baba, na mara chache twakaa naye katika mambo madogo yanayomuumiza mtoto wa talaka bila kumfikisha danguroni: sanduku la mama likitolewa mlangoni; kanzu ya Idi inayoletwa na baba, imebana mabegani kwa kuwa baba hakijui tena kimo chake; kujifunza lipi la nyumba hii lisisemwe katika nyumba ile.

Mambo hayo hayahitaji riwaya nene. Utenzi unayamudu, kwa kuwa umezoea kuongea baina ya mzazi na mwana. Kinachotakiwa ni kuugeuza upande: mtoto awe msemaji, na wazazi, kila mmoja katika nyumba yake, wakae wasikilize. Mshairi kijana atakayeuthubutu utenzi huo asihofu kuitwa mkosefu wa adabu. Mzazi kumpa mtoto wasia ni haki yake. Mtoto kumwambia mzazi yaliyomfika ni haki vilevile, na fasihi yetu bado haijamlipa.