Pongezi kwa Wanaopendekezana Riwaya
Msomaji anayemwambia mwenzake, "Isome hii, kisha tuzungumze," anastahili pongezi, kwani anafanya kazi isiyowezwa na mtihani. Wengi hukutana na riwaya ya Kiswahili kama kitabu teule: hukariri wahusika na dhamira, hujibu maswali, basi. Tena orodha ya shule ina mipaka yake. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Riwaya huishi inapopita mkono hadi mkono, msomaji wa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi anapomsimulia mwenzake jinsi Yasmini anavyomkimbia mumewe mzee, Bwana Raza, kisha akakomea hapo asimwondolee utamu.

Wapo wasemao kwamba pendekezo la rafiki ni upendeleo, si uhakiki. Ni kweli kila mtu ana ladha yake. Lakini rafiki tutaonana naye kesho, naye itambidi aeleze kwa nini alikisifu kitabu kilichotuchosha. Kuulizana huko hunoa usomaji wa wote wawili. Na vya kupendekezana havikosekani: leo riwaya ya Peponi ya Abdulrazak Gurnah inasomeka kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Aliyeimaliza na amshawishi mwenzake anunue nakala yake.