Paukwa Bila Pakawa: Uhakiki wa Kipimo cha Kuridhika na Vipindi Mubashara vya Mtandaoni

Katika fasihi simulizi tunafundishwa kwamba fanani hukamilishwa na hadhira. Akisema "Paukwa!" hungoja "Pakawa!", asipoitikiwa, hadithi haiendi. Kwa kigezo hiki ninahakiki namna kuridhika kwa wanafunzi wa vyuo vikuu na vipindi mubashara vya mtandaoni kunavyopimwa.

Tafiti nyingi huegemea modeli ya DeLone na McLean ya mwaka 1992, iliyorekebishwa mwaka 2003, inayohusisha kuridhika kwa mtumiaji na ubora wa mfumo, wa taarifa na wa huduma. Modeli hii ina nguvu yake: programu inayokwamakwama humchosha yeyote. Hata hivyo, iliundwa kupima mifumo ya taarifa, si darasa. Michael G. Moore, mwaka 1989, alikaribia zaidi darasa alipotofautisha mawasiliano ya mwanafunzi na maudhui, na mwalimu, na wanafunzi wenzake. Ninashikilia kwamba kinachomridhisha mwanafunzi katika kipindi mubashara ni kujibiwa.

Sisi tunaosoma Kiswahili nchini Uganda tunalijua hili kwa njia mbili. Kwanza, kwa wengi wetu Kiswahili si lugha ya mama. Anayetamka "zahabu" badala ya "dhahabu" anahitaji kusahihishwa papo hapo. Maikrofoni zote zikizimwa kwa saa mbili, kosa hilo humaliza kipindi bila kuguswa.

Pili, uhudhuriaji una bei. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii. Julai 2021 tozo hiyo ikaondolewa, ukaja ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti. Sheria iliachilia data ya huduma za elimu na afya, lakini mwanafunzi anayenunua bando la kawaida hulilipia kama mteja mwingine yeyote. Ana haki ya kuuliza: ni jambo gani katika saa hii lilihitaji niwepo? Mhadhiri akisoma slaidi mwanzo hadi mwisho, jibu ni hakuna. Maandishi yale yangetumwa kwa gharama ndogo sana.

Wahadhiri wetu watasema kwamba darasa kubwa haliruhusu majibizano. Hoja hiyo ina uzito, ila haimalizi mjadala. Nukuu zinaweza kutangulia, video ikazimwa ili kuokoa bando, na muda wa kipindi ukaachiwa maswali, kikundi baada ya kikundi.

Kipimo nacho kina kasoro nyingine. Hojaji ikitumwa mwishoni mwa kipindi, huijaza aliyebaki hadi mwisho. Aliyeishiwa bando katikati hahesabiwi, nasi tunasoma asilimia nzuri za waliobahatika.

Ninapendekeza kila hojaji iwafikie wote waliosajiliwa kwenye kozi, si waliohudhuria tu, na ianze na swali moja kabla ya kuulizia programu: Je, uliposema, ulijibiwa?