Lenzi Inayokula Mtaa

Ukinunua kamera yako ya kwanza Nairobi, ushauri ni mmoja, hata umuulize nani. Muuzaji wa Luthuli atakuambia, jamaa anayepiga picha za harusi atakuambia, hata yule msee aliyeuza vyombo vyake vyote akanunua pikipiki atakuambia: tafuta fifty. Yaani lenzi ya milimita 50, ambayo tundu lake linafunguka hadi f/1.8. Ni ndogo, ni nyepesi, na kati ya lenzi mpya zinazofunguka hivyo, ni vigumu kupata ya bei ya chini kuiliko. Canon walitoa toleo lao la plastiki mwaka 1990, wakaliboresha 2015. Nikon, Sony na Yongnuo nao wana zao. Na ile zumu ya 18-55 iliyokuja na kamera kwenye boksi? Hiyo unaambiwa uifungie kabatini, au umpe mdogo wako achezee.

Mimi hupiga picha kwa mapenzi tu. Kazi inayolipa kodi ya nyumba ni nyingine. Nimebeba fifty na 18-55 kwenye begi moja kwa miaka sita sasa, na kadiri siku zinavyoenda ndivyo ninavyoona kwamba mjadala wa lenzi hizi mbili tumeuweka mahali pasipofaa. Tunabishana ni ipi iliyo kali, ni ipi yenye rangi tamu, kana kwamba tunalinganisha viatu. Lenzi ni msimulizi. Inaamua nani atajwe na nani aachwe nje ya hadithi. Na huyu msimulizi wetu kipenzi, fifty, ana tabia moja ambayo mhakiki yeyote wa riwaya angeiona kufikia ukurasa wa pili: anakula mtaa.

Tuanze na hesabu. Chukua kamera za bei yetu, zile zenye sensa ndogo. Fungua fifty hadi f/1.8, fokasi mtu aliye mita 2 mbele yako. Sehemu itakayotoka kali ni kama sentimita 11. Macho, pua, labda sikio moja. Kila kilicho nyuma ya hapo kinayeyuka. Wajapani ndio waliotupa jina la huo ukungu, bokeh, na siku hizi limekuwa neno la sifa: cheki hiyo bokeh! Taa za magari ya Thika Road zinageuka shanga. Nganya iliyochorwa kwa wiki nzima na fundi mwenye kipaji inageuka doa jekundu na doa la kijani.

Sasa fungua Instagram uangalie picha zetu. Gredi, bathidei, uchumba, mtu na kikombe cha kahawa. Sura kali, nyuma hakuna kitu. Inaweza kuwa Kilimani, inaweza kuwa Kayole, inaweza kuwa Lisbon. Na tuseme ukweli, hiyo ndiyo raha yake. Ukungu unakuondolea mtaro uliofurika, nyaya za stima zilizoning'inia, kibanda cha mutura, na yule mzee wa mahindi anayekukodolea macho. Hulazimiki kuhama mtaa ili uonekane umehama.

Simu zilipoona tunaupenda huo ukungu, zikaamua kutupa wa bure. Apple walileta modi ya potreti kwenye iPhone 7 Plus mwaka 2016, na leo hata simu ya kawaida inao. Lakini simu haina tundu kubwa la kufifisha mambo. Inakisia. Programu inachora mpaka kati ya mtu na kilicho nyuma yake, halafu inapaka ukungu. Mara nyingi inapokosea, inakosea kwenye nywele. Kuza picha ya mtu mwenye afro au rasta utazame kingo: nywele zimenyolewa na mashine, zimehesabiwa pamoja na ukuta. Nadhani hakuna picha inayoeleza mtindo huu vizuri kuliko hiyo. Ulianza kwa kufuta mtaa, ukifika mwisho unamfuta na mwenye mtaa kidogokidogo.

Lakini si haki kusema ni suala la ladha peke yake. Kuna woga ndani yake. Anayepiga picha katikati ya jiji anajua: kamera ndogo shingoni, watu watakuacha. Ukifungua tripodi tu, askari amefika. "Uko na pamit?" Niliwahi kuulizwa hivyo nikiwa nimesimama kwenye lami ya umma, nikipiga picha ya mawingu. Kamba ya kamera nimeifunika jina kwa selotepu nyeusi ili isimwambie mwizi bei. Mazingira kama hayo yanakufundisha kupiga haraka, kubana fremu, kumwonyesha rafiki yako na kuficha kila kingine. Fifty inafaa sana kwa mtu anayeogopa. Mtaa usioruhusiwa kuutazama kwa utulivu, unajifunza kuufifisha.

Kisha kuna jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Kwenye sensa ndogo, fifty inaona finyu kuliko jina lake. Kwenye Canon za aina hiyo inakuwa kama ya 80. Weka mgongo wako ukutani ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, ile ten by ten ambayo nusu yetu tumeanzia maisha humo. Mtu akikaa upande wa pili, mita 3 kutoka kwako, fremu yako ina upana wa mita 1 na sentimita 34. Basi. Mamako ataingia, kochi lake halitaingia. Pachika 18-55, irudishe hadi 18, na papo hapo fremu inapanuka hadi zaidi ya mita 3 na nusu: vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, kalenda ya duka iliyopitwa na miaka minne, meko, pazia linalotenga kitanda, jerikani, cheti chako cha darasa la nane kwenye fremu ya dhahabu bandia. Lenzi tunayoambiwa ni ya lazima haiwezi kuona chumba ambamo wengi wetu tunaishi. Ile ya kutupwa inaweza.

Mtu ataniambia kwamba mandhari ya nyuma yamekuwa ya uongo tangu zamani. Ni kweli, na napenda uongo huo. Miaka ya 1990, wapigapicha wa kivuko cha Likoni kule Mombasa walitundika nyuma ya wateja wao meli kubwa, ndege na maghorofa, vitu vya rangi na karatasi. Mtu akishuka feri anasimama mbele ya meli ambayo hajawahi kuipanda, anapigwa picha, anatuma nyumbani. Lakini angalia tofauti. Ile meli ilikuwa inasema kitu. Mteja alichagua kusimama mbele yake, na ukiiangalia picha unajua alikuwa akiota nini. Nyuma yake palikuwa nusu ya sentensi. Ukungu wa f/1.8 hausemi umetoka wapi, wala hausemi ungependa kwenda wapi.

Fifty ina haki zake pia, na mhakiki asiyezitaja anapendelea. Ukilinganisha f/1.8 na f/5.6, ambapo 18-55 inaishia ukiivuta mbele, fifty inaingiza mwanga karibu mara kumi. Stima ikipotea na mmebaki na mshumaa, fifty itakupa uso wa nyanya yako wakati zumu inakupa chengachenga. Ndani ya matatu saa mbili usiku, ni hiyo tu. Hapo inafanya kazi iliyotengenezewa: kuleta mwanga. Shida ni kwamba tunaitumia saa sita mchana, jua la Januari, hadi inabidi tukimbize shata hadi 1/4000 ili picha isiungue, kwa sababu tu hatutaki kibanda kionekane.

Hoja nzito zaidi ni ya Juni 2024. Vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, mitandaoni kulienea ombi: msiposti sura za watu. Kulikuwa na ripoti za watu kutekwa nyara, na sura kali kwenye picha ilikuwa hatari ya kweli. Wapigapicha wengi wakafifisha nyuso. Kwa hiyo ukungu unaweza kuwa ulinzi, unaweza kuwa heshima. Lakini rudi uzitazame picha zile. Nyuso zimefifia, na mtaa umetoka kali: mabango yaliyoandikwa kwa mkono, maduka yaliyofungwa, moshi, bendera, lami iliyolowa. Ni fifty iliyopinduliwa. Na kila ukungu pale aliuweka mtu, baada ya kufikiria, kwa ajili ya mtu mwingine. Swali langu kwa hizi picha zetu za kila siku ni hilo tu. Huu ukungu nani aliuamua, na unamlinda nani?

Rafiki yangu alikulia Mathare, kando ya mto. Mei 2024, baada ya mafuriko, serikali ilibomoa nyumba zilizokuwa karibu na maji, na yao ilienda na nyingine. Miezi kadhaa baadaye alikuja kwangu tukafungua diski ya picha nilizowapiga miaka ya nyuma, yeye na mamake. Kulikuwa na potreti ya fifty ambayo mimi huipenda sana, mamake akigeukia dirisha, mwanga umemlaza shavuni. Aliitazama. "Hapa mathe ametoka fiti," akasema, akasonga mbele.

Alisimama kwenye nyingine. Ilikuwa ya 18-55 kwenye f/8, mchana kweupe, jua la utosi, vivuli vibaya chini ya macho. Mamake amesimama mlangoni, mdogo katikati ya fremu. Mtu wa kamera angeipita. Yeye akaanza kuikuza, akiivuta pembe moja baada ya nyingine. Mabati ya buluu. Kufuli. Chaki ya hesabu ya watu ya 2019 kwenye mbao za mlango. Ndoo tatu. Kamba ya nguo, na shati la shule la mdogo wake likining'inia. "Kumbe kamba ilikuwa hapa," akasema, na hakuwa akiniambia mimi. Alikaa hapo muda mrefu. Kisha akaomba nimtumie hiyo, ile faili kubwa, isipunguzwe. "Na ya mathe pia. Lakini hii kwanza."

Hakuna anayejua ni nini kitakachobaki kusimama mjini hapa. Waiyaki Way na Uhuru Highway za kabla ya Expressway kufunguliwa 2022 zilikuwa barabara nyingine, zenye anga nyingine, na waliopigwa picha hapo chini ya miti wakiwa na f/1.8 leo wana sura nzuri na rangi ya kijani. Ile miti yenyewe haimo. Sura unaweza kuipiga tena kesho, ikiwa imezeeka kidogo. Mlango wa buluu huwezi.

Sisemi uuze fifty. Yangu bado iko begini. Nasema usiiruhusu ikuamulie. Ile 18-55 unayoionea aibu, iweke 18, f/8, fokasi kwenye kitu kilicho kama mita 2 mbele yako, na kila kitu kuanzia mita 1 hadi upeo wa macho kitatoka kali: rafiki yako, mzee wa mahindi, nyaya, bango la mganga, nguo kwenye kamba. Itakuwa picha yenye fujo, na haitapata laiki nyingi. Itume kwa mwenyewe hata hivyo, uone anaikuza wapi.